Somo: Piga hesabu ya gari ya stima na ya petroli kabla hujatoa pesa (Malindi, Watamu, Lamu)

Salaam aleikum jamaa zangu. Kila wiki kuna mtu ananisimamisha pale stendi aniulize gari ya stima ina faida kweli ama ni maneno ya watu, na kila mmoja anaanza na bei ya kununua. Mie nimeendesha Probox ya petroli miaka 9 hapa Malindi na Watamu, sasa niko mwaka wa 3 na Nissan Leaf ya stima, na kila shilingi naiandika kwa daftari. Kilomita zako ndizo zitakazokuamulia, kwa hivyo tunaanza nazo.

Hatua ya 1: Jua kilomita zako

Soma mita ya gari Jumatatu asubuhi, Jumatatu ijayo usome tena, zidisha kwa 4. Usikisie, maana watu husahau zile safari za madrasa, za harusi Gede, za kumpeleka mama hospitali. Kwa somo hili tuchukue watu wawili, mmoja wa teksi kilomita 2,000 kwa mwezi na mwengine wa kazini na sokoni tu, kilomita 400.

Hatua ya 2: Tafuta shilingi kwa kilomita

Petroli: jaza tangi mpaka juu, endesha, jaza tena mpaka juu, halafu kilomita ulizoenda gawanya kwa lita zilizoingia. Tuseme unapata kilomita 13 kwa lita na lita ni 180, hiyo ni kama shilingi 14 kwa kilomita. EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanatangaza bei mpya kila tarehe 14, na mnakumbuka Oktoba 2023 lita Nairobi ilipita 217, kwa hivyo piga hesabu na bei mbaya pia.

Stima: chukua risiti ya tokeni, pesa uliyotoa gawanya kwa uniti (kWh) ulizopata. Tuseme ni shilingi 30 kwa uniti. Gari ndogo inakula kama uniti 17 kwa kilomita 100 lakini kwenye kuchaji kuna stima inapotea kwa joto, weka 20 kabisa. Hiyo ni 600 kwa kilomita 100, yaani shilingi 6 kwa kilomita.

Hapa mnisikilize vizuri. Ukianza kuchaji nyumbani utapita uniti 100 kwa mwezi, na Kenya Power wanaangalia wastani wa miezi 3 wakupange kwa kundi la bei ya juu, basi hata uniti za friji na za feni zinapanda bei. Aliyeniuzia gari hakuniambia hili, nililiona mwenyewe kwa tokeni. Hiyo nyongeza ihesabu kwa gari.

Hatua ya 3: Service

Ya stima haina oili ya injini, haina plagi wala filta ya oili, na breki zinakaa sana kwa sababu ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo mota yenyewe inapunguza mwendo na kurudisha stima kwa betri. Tairi, shoki, bushi na ile betri ndogo ya 12V ziko palepale. Na chumvi ya bahari haichagui, hasa wakati wa kusi, kwa hivyo osha chini ya gari na umwambie fundi akague soketi za waya.

Hatua ya 4: Betri, usiipite mbio

Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, inategemea hewa tu, na joto la kaskazi hapa kwetu mnalijua. Kwenye dashibodi kuna vibao 12 vya afya ya betri, tofauti na vile vya chaji, vihesabu kabla hujalipa. Kibao cha kwanza kikishazimika ujue imepoteza kama asilimia 15. Mie naegesha chini ya mwarobaini, nachaji usiku ikishapoa, na siiachi imejaa siku nzima imekaa tu. Halafu kila mwezi weka kando pesa ya betri, hiyo ni gharama kama petroli.

Hatua ya 5: Weka pamoja

Tuseme ya stima imezidi bei kwa 600,000. Mtu wa teksi anaokoa shilingi 8 kwa kilomita (14 toa 6) mara 2,000, ni 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Miaka 3 na kidogo amerudisha pesa yake, na ukiongeza service anarudisha mapema zaidi. Yule wa kilomita 400 anaokoa 3,200 kwa mwezi, itamchukua zaidi ya miaka 15! Huyo namwambia wazi abaki na petroli yake. Na kama ni mkopo wa sacco, riba iingie ndani ya zile 600,000.

MASWALI

Swali (Maweni): Kaka, mie ni wa tuktuk, hesabu ni hiyohiyo?

Jibu: Hiyohiyo ndugu yangu, ila tuktuk ya petroli inakwenda mbali kwa lita moja kuliko gari, kwa hivyo unachookoa kwa kilomita ni kidogo, lakini nyinyi mnazunguka kutwa. Kama betri ni ya kukodi, ile kodi ihesabu kama mafuta.

Swali (Muyeye): Nikiweka sola si nitachaji bure?

Jibu: Dada yangu, jua linawaka saa ambazo gari iko barabarani. Kama gari yako inakaa nyumbani mchana, sawa, lakini bei ya paneli igawanye kwa miaka utakayozitumia.

Swali (Lamu): Mie gari naiacha Mokowe, kila wiki nakuja Malindi. Leaf itanifaa?

Jibu: Shekhe, hapana. Ni zaidi ya kilomita 200, na Leaf ya zamani ya betri ya uniti 24 haifiki kwa chaji moja. Plagi ya ukuta inaingiza kama uniti 2 na kitu kwa saa, ikikuishia Garsen utalala hukohuko.