Somo: Kupanda hadi Ziwa Ellis, Mlima Kenya, kuvua trauti

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye njia ya Chogoria, kimo cha mita 3,450 na ushei. Kutoka lango la hifadhi, lililo mita 2,950, ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa miguu. Njia si ngumu. Hata hivyo wengi hurudi mikono mitupu, na mara nyingi si samaki aliyewashinda bali kimo na upepo: walipanda haraka mno, wakafika kichwa kinagonga, wakaanza kuvua saa sita mchana ziwa limeshachafuka kwa mawimbi. Somo hili limepangwa kuepuka hayo mawili.

Jambo moja la kujua kabla ya kufunga mzigo. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Wa kwanza, trauti wa kahawia, waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan na kutiwa katika mto Gura huko Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Samaki huyu hutaga kwenye changarawe safi inayopitiwa na maji yanayokwenda. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo hutegemea vifaranga wanaopandikizwa, kwa hiyo idadi ya samaki hupanda na kushuka kufuatana na upandikizaji. Waulize askari wa lango na wapagazi wa Chogoria hali ilivyo mwaka huo. Wao huona wanaoshuka na samaki na wanaoshuka bila.

1. Chagua majira

Januari na Februari ndiyo miezi bora, kisha Julai hadi Septemba. Upande wa Chogoria hupata mvua nyingi kuliko Sirimon au Naro Moru, njia nyingine za kupanda mlima huu. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, barabara ya msituni hugeuka tope la kumeza magurudumu, na vuli ya Oktoba hadi Desemba haina nafuu sana.

2. Vibali

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen. Lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, uhifadhi risiti kwenye simu na nakala ya karatasi. Tiketi hiyo si ruhusa ya kuvua. Leseni ya uvuvi wa burudani ni jambo jingine, uliza ofisi ya uvuvi au KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kabla ya siku ya safari, na uulize hapo hapo idadi ya samaki unaoruhusiwa kubeba. Usiende peke yako: chukua mwongozaji aliyesajiliwa. Na kumbuka kwamba tangu Juni 5, 2020 plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya. Chupa za maji za dukani zitaachwa langoni, hivyo beba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu.

3. Vifaa vya kuvulia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Vinavyohitajika ni hivi:

- Ufito wa nzi, yaani wa kurushia nzi bandia (ndoana iliyovishwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu), wa futi 9, namba 5 au 6 (namba ni uzito wa mshipi unaoufaa), unaokatika vipande vinne na kuingia kwenye bomba lake. Ufito wa vipande viwili utajitokeza juu ya begi na kuvunjwa na mianzi.
- Rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi) yenye mshipi unaoelea, na spuli ya pili yenye mshipi unaozama polepole. Ukiwa na uwezo wa mmoja tu, chukua unaoelea.
- Nailoni ya mbele inayokwenda ikipungua unene, urefu wa futi 9, mbili au tatu. Pamoja na kibiringo cha nailoni nyembamba ya kuhimili uzito wa ratili 4 hadi 5, ya kuunga mwishoni.
- Nzi bandia kumi na wawili wanatosha. Wanne wawe Woolly Bugger, weusi na wa kijani cha zeituni, ndoana namba 8 na 10. Wawili Kenya Bug, nzi mweusi aliyebuniwa kwa maji ya kwetu. Wawili Mrs Simpson. Waliobaki wawe wadogo, Pheasant Tail au Invicta, namba 12.
- Wavu mdogo wa mkono, koleo la kutolea ndoana, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji.

Bana vijino vya ndoana kwa koleo ukiwa nyumbani. Ndoana isiyo na kijino humtoka samaki kwa urahisi, na hutoka kwa urahisi vilevile kwenye sikio lako upepo ukigeuka.

Jifunze fundo moja tu, ulijue hata vidole vikiwa na ganzi. Pitisha nailoni kwenye tundu la ndoana. Zungusha ncha mara tano kuizunguka nailoni yenyewe. Rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha uipitishe ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fundo likikazwa kavu, msuguano hutia joto na kuidhoofisha nailoni. Samaki mkubwa akivuta, hukatikia hapo hapo.

4. Mzigo wa kambi

Usiku kwenye nyanda za juu baridi hushuka hadi sifuri na chini yake. Mfuko wa kulalia uwe wa kustahimili nyuzi 5 chini ya sifuri, na chini yake mkeka wa sponji, maana ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Koti la mvua na suruali yake, kofia ya sufu, glavu zisizo na ncha za vidole, tochi ya kichwani. Begi lisizidi kilo 13 kama hukuchukua mpagazi.

Chakula: mchele, tambi, chapati zilizopikwa tayari, mayai ya kuchemsha, karanga, unga wa uji, sukari na majani ya chai. Maharage makavu na githeri acha nyumbani. Kwa kimo hiki maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 88 au 89 hivi, kwa hiyo maharage yatakumalizia gesi na bado yatalia kwenye meno. Jiko liwe la gesi. Usiwashe moto wa kuni: majani makavu na vichaka vya erika hushika moto kama petroli, na upepo ukiuchukua hamtauzima.

5. Siku ya kwanza: Chogoria hadi langoni

Matatu za Meru zinazopitia Embu hukushusha Chogoria. Kutoka mjini hadi lango ni kilomita 30 hivi za barabara ya udongo, kwanza mashamba ya chai, halafu msitu, halafu mianzi. Panga gari linalovuta magurudumu yote manne mapema, usisubiri la bahati. Ndovu na nyati wako humo, kwa hiyo safari hii isifanywe usiku.

Lala langoni. Usiendelee siku hiyo hata kama mwili una nguvu. Ukitoka Nairobi, mita 1,700, na kulala mita 3,450 usiku uleule, umeupandisha mwili karibu mita 1,750 kwa siku moja, na kichwa kitakudai asubuhi. Kunywa lita tatu hadi nne za maji kwa siku, na pombe isubiri mpaka urudi Chogoria.

6. Siku ya pili: langoni hadi ziwani

Anza saa moja asubuhi. Njia ya gari huendelea kupanda kupita lango, na wenye magari makubwa huitumia. Tembea hata kama lifti ipo, kwa sababu saa hizo ndizo zinazouzoesha mwili. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Miti ya mrosewudi huisha, vichaka vya erika hufuata, kisha nyanda za majani ya vishada. Chini ya majani hayo kuna mashimo ya maji. Weka mguu juu ya kishada au kwenye kijia, usiukanyage upenyo wa katikati. Vifundo vya miguu huteguka hapo.

Ukifika, piga hema kwanza, mita 50 au zaidi kutoka ukingoni, nyuma ya mwinuko unaokinga upepo. Kunywa chai, kula, pumzika saa moja. Kisha zunguka ziwa bila ufito. Tafuta mahali kijito kinapoingia, kona zenye majani ya majini, na mahali kina kinapobadilika ghafla: maji huwa na rangi nyepesi kisha meusi.

7. Kuvua

Saa nzuri ni alfajiri hadi saa nne asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza. Katikati ya mchana ukungu hupanda kutoka bondeni na upepo huchafua maji.

Mwanzoni simama mita tatu nyuma ya ukingo, uinamishe mgongo. Samaki wengi wa asubuhi hula mahali penye kina cha goti, karibu na majani, kwani wadudu wako huko. Mvuvi anayeingia majini hadi kiunoni ili arushe mbali anawakanyaga samaki aliowafuata, na maji hayo yatamnyonya joto la mwili kwa dakika chache. Rusha mita 8, halafu 10, halafu 12, kama feni: kushoto, katikati, kulia. Kisha songa hatua tano, urudie.

Nzi akigusa maji, hesabu hadi tano kabla ya kuvuta. Usipoguswa mara tatu, hesabu kumi, kisha kumi na tano, ili ujue wamekaa kina gani. Vuta mshipi kwa mkono sentimita 10 hadi 15, tulia sekunde mbili, vuta tena. Kwenye maji baridi trauti hafukuzi kitu cha mbio. Ncha ya ufito ielekee chini karibu kugusa maji. Ukiiinua, kunakuwa na mshipi uliolegea kati yako na nzi, na hutasikia akiguswa.

Upepo: kama unarusha kwa mkono wa kulia, tafuta ukingo ambao upepo unatoka kushoto kwako, upeleke mshipi mbali na kichwa. Ukingo unaopigwa na upepo hukusanya chakula, lakini kuurushia uso kwa uso ni kazi ya wazoefu.

8. Akishika

Inua ufito, usiukwapue. Mwache akimbie, umrudishe akichoka. Wengi hukatwa nailoni wakati samaki amefika miguuni na anaona wavu: legeza kidole kwenye mshipi wakati huo. Wa kuachia, mshike kwa mikono iliyolowa, ndani ya maji, umwelekeze kichwa mbele mpaka aondoke mwenyewe. Wa kula, mpige kisogoni mara moja, mpasue kutoka tunduni hadi kooni, toa matumbo na matamvua, kisha kwangua kwa ukucha ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo. Ikibaki, nyama huwa chungu. Matumbo yasitupwe ziwani wala kambini: fisi hunusa. Yafunge ushuke nayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Embu): Shikamoo mwalimu. Sina ufito wa nzi, nina ule wa kawaida wa kurushia kijiko cha chuma (chambo bandia kinachomeremeta). Naweza kuutumia? Na nyungunyungu je?

Jibu: Marahaba. Desturi ya maji ya trauti Kenya ni nzi bandia, na pengi ndiyo sharti la leseni, kwa hiyo uliza masharti ya leseni yako kwanza. Nyungunyungu acha kabisa. Samaki humeza hadi tumboni, huwezi kumwachia akiwa mzima, na udongo wa chambo hupeleka vijidudu vigeni ziwani.

Swali (Nairobi): Nikipata maumivu ya kichwa ziwani, nimeze dawa niendelee?

Jibu: Maumivu mepesi bila kutapika: pumzika, kunywa maji, meza paracetamol, usipande zaidi siku hiyo. Yakizidi, au ukitapika, shuka langoni. Ukipepesuka kama mlevi, au ukikohoa na kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka saa hiyohiyo, hata usiku, ukiwa na mwongozaji. Dawa za usingizi usiguse.

Swali (Meru): Ndugu, kwa nini Ellis na si maziwa ya Rutundu au Alice? Sisi huku tunasikia huko ndiko kwenye trauti wakubwa.

Jibu: Hamkukosea, ndugu. Hayo yako upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, na huingiwa kwa njia nyingine. Rutundu liko chini zaidi, na kutoka hapo hadi Alice ni mpando mkali wa saa mbili au tatu, kingo zake ni za mteremko na nafasi ya kurusha nyuma ni finyu. Kwa anayeanza, nyanda wazi za Ellis zinasamehe makosa ya mkono. Ukishaweza kurusha mita 12 bila kunasa nyuma, nenda Alice.

Swali (Chuka): Tukikutana na nyati njiani?

Jibu: Mwongozaji atangulie, ongeeni kwa sauti ya kawaida kwenye vichaka. Mkimwona, simameni, rudini nyuma taratibu, mpeni njia. Nyati dume wa peke yake ndiye wa kuogopa kuliko kundi. Msitembee kabla ya mapambazuko, hata kama samaki wa alfajiri wanawaita. Ndiyo maana kambi hupigwa ziwani.

Swali (Nyeri): Siku nzima naona samaki wakiruka lakini hawamgusi nzi wangu. Tatizo nini?

Jibu: Wanakula wadudu wadogo walio juu au chini kidogo ya uso wa maji, nawe unawavutia Woolly Bugger chini yao. Badilisha: mshipi unaoelea, nailoni ya ratili 4 urefu wa futi 12 kwa jumla, Pheasant Tail namba 12. Rusha mita moja mbele ya duara la mwisho uliloliona, usivute kabisa, tazama tu mahali mshipi unapoungana na nailoni. Pakisogea hata kidogo, inua ufito.