Kabla Hujamwita Bora wa Wakati Wote: Namna ya Kumpima Mkimbiaji

Ubishi wa nani ni mkimbiaji bora wa wakati wote, Eliud Kipchoge wa Kenya au Kenenisa Bekele wa Ethiopia, hauishi kijiweni kwa sababu wabishi hawajibu swali moja. Huyu anahesabu medali, yule anasoma saa, wa tatu anahesabu miaka. Ukitaka jibu unaloweza kulitetea, tafuta daftari, kikokotoo cha simu na jioni mbili tatu za kukusanya matokeo kutoka tovuti ya Shirikisho la Riadha Duniani na za mashindano yenyewe. Tunatumia riadha hapa kwa kuwa saa haina ushabiki. Mpira wa miguu tuuache kwanza. Huko watu hawakubaliani hata nani alitoa pasi ya bao.

Anza na swali, jina litafuata

"Mkimbiaji bora" bado si swali. "Mwanamarathoni bora wa kiume" ni swali. Ukishachagua umbali, amua unapima nini: kilele (siku yake bora alifika wapi), urefu (alikaa juu miaka mingapi) na utawala (alipokutana na wakali wenzake alishinda mara ngapi).

Ni nadra mtu mmoja kuongoza kwa yote matatu. Daniel Komen wa Kenya ni mfano wa kilele kitupu. Mwaka 1996 mjini Rieti, Italia, alikimbia mita 3,000 kwa 7:20.67, rekodi iliyokaa karibu miaka 28 hadi Jakob Ingebrigtsen wa Norway alipopita kwa 7:17.55 Agosti 2024. Mwaka 1997 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Olimpiki hakuwahi kukimbia. Kwa kilele, ni wachache sana wanaomkaribia; kwa urefu, wanaomzidi ni wengi.

Sasa gawa alama 100 kwa vipimo hivyo. Kwa marathoni, mgawo unaofaa kuanzia ni kilele 30, urefu 30, utawala 40. Uandike kwa kalamu kabla ya kufungua matokeo ya mtu yeyote. Ukisubiri hadi uone hesabu, mkono utamvutia mtu wako bila wewe kujua.

Mstari mmoja kwa kila mbio

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kuandika mstari mmoja kwa kila mkimbiaji: jina, medali, rekodi, basi. Hapo walioshindwa hufichika. Andika kila mbio aliyoanza, hata aliyojiondoa, kwa safu hizi: tarehe, mji, nafasi aliyomaliza, muda, nusu ya kwanza, nusu ya pili, aliyemfuata au aliyemtangulia, na mazingira.

Mchukue Eliud Kipchoge. Tangu Hamburg Aprili 2013 hadi London Aprili 2019 utapata mistari 12 ya marathoni rasmi, ushindi 11. Pekee aliyemshinda ni Wilson Kipsang, Berlin 2013, na Kipsang alilazimika kuweka rekodi ya dunia ya 2:03:23 ili amshinde. Endelea hadi mwisho wa 2023: mistari 19, ushindi 16, ukiwemo wa Olimpiki mbili, Rio 2016 na ile ya Tokyo ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021. Lakini daftari lilelile linakuonyesha wa nane London 2020, wa sita Boston 2023, na kujiondoa Paris 2024. Ukiifuta mistari hiyo kwa mapenzi, mpinzani wako ataikumbuka.

Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake, ana mistari mitatu tu: Valencia Desemba 2022 (2:01:53), London Aprili 2023 (2:01:25), Chicago Oktoba 2023 (2:00:35). Ushindi mara tatu kati ya tatu. Alifariki katika ajali ya gari Februari 2024, akiwa na miaka 24. Kwa kilele mpe alama zote. Kwa urefu huwezi kumpa alama za mbio ambazo hakukimbia, hata roho ikikuuma.

Geuza muda kuwa sekunde, kisha asilimia

Kulinganisha sekunde za marathoni na sekunde za mita 1,500 ni kulinganisha gunia na kibaba. Fanya hivi: geuza rekodi ya zamani kuwa sekunde, toa rekodi mpya, gawa tofauti kwa ile ya zamani, zidisha kwa 100.

Dennis Kimetto, Berlin 2014: 2:02:57, yaani sekunde 7,377. Kipchoge, Berlin 2018: 2:01:39, yaani 7,299. Tofauti 78, sawa na asilimia 1.06. Kipchoge tena, Berlin 2022: 2:01:09, tofauti 30, asilimia 0.41. Kiptum, Chicago: 2:00:35, tofauti 34, asilimia 0.47. Ukiona rekodi ya marathoni imeruka zaidi ya asilimia moja kwa mkupuo, jiulize mara mbili: mtu huyu ni wa pekee, au kuna kitu kimebadilika miguuni? Kwa 2018 jibu ni yote mawili. Kati ya Kimetto na Kipchoge viliingia viatu vya povu jepesi vyenye bamba la kaboni ndani ya soli.

Halafu tazama nusu zake, maana jumla huficha mengi. Berlin 2022 Kipchoge alipita nusu kwa 59:51, akamalizia kwa 61:18. Alianza kama anayewinda chini ya saa mbili, kisha akalipa deni. Kiptum, Chicago, alipita kwa 60:48, akamalizia kwa 59:47. London miezi sita kabla, 61:40 na 59:45. Mtu anayekimbia nusu ya pili chini ya saa moja mara mbili mfululizo hakubebwa na waweka kasi (wakimbiaji wanaolipwa kutangulia sehemu ya mbio), kwa sababu sehemu kubwa ya nusu hiyo hukimbiwa baada ya wao kutoka au kubaki nyuma. Nusu ya pili ina thamani kubwa kuliko ya kwanza. Ukitaka kuongeza alama za kilele, ziongeze hapo.

Safu ya mazingira

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huchoka.

Njia: ili muda uhesabiwe kuwa rekodi ya dunia ya marathoni, mwisho wa mbio hauruhusiwi kuwa chini ya mwanzo kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, yaani takriban mita 42. Pia mwanzo na mwisho, kwa mstari ulionyooka, visiwe mbali zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, ili upepo wa mgongoni usimsukume mtu njia nzima. Boston inavunja masharti yote mawili. Inateremka takriban mita 140. Ndiyo maana 2:03:02 ya Geoffrey Mutai, Boston 2011, haikuwa rekodi ingawa ilikuwa chini ya 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Ushindi wake uhesabu kwenye utawala. Muda wake usiuguse kwenye kilele.

Waweka kasi: Vienna, 12 Oktoba 2019, Kipchoge alikimbia 1:59:40. Waweka kasi 41 walipokezana zamu, vinywaji vililetwa kwa baiskeli, na mbio hazikuwa wazi kwa washindani. Huo ni mstari wa pembeni, usio na alama. Monza 2017, 2:00:25, vivyo hivyo. Joshua Cheptegei wa Uganda alipofuta rekodi za Bekele za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020 (12:35.36 na 26:11.00) kulikuwa na taa za kuongoza kasi ukingoni mwa uwanja. Ni rekodi halali kabisa. Ila unapozilinganisha na 12:37.35 ya 2004 na 26:17.53 ya 2005, andika "taa" na "viatu" kwenye safu, uone jinsi zile za Bekele, zilizokaa miaka 16 na 15, zinavyozidi kung'aa.

Viatu: kanuni ya barabarani tangu 2020 ni soli isiyozidi milimita 40 na bamba moja gumu. Usijaribu kutoa sekunde fulani kwa kila kiatu; faida hutofautiana kati ya mguu na mguu. Njia salama ni kumlinganisha mtu na waliokimbia naye msimu huohuo. Tafuta muda wa wa kumi bora duniani mwaka ule, kisha kokotoa asilimia ya pengo. Viatu, chakula na mazoezi ya zama hizo vitakuwa vilevile kwa wote wawili.

Mwinuko: Mexico 1968 mbio zilikuwa kwenye takriban mita 2,240. Naftali Temu alishinda mita 10,000 kwa 29:27.4, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 27:39.4 ya Ron Clarke wa Australia. Anayesoma saa tu atasema Temu alikuwa mzito. Clarke mwenyewe alikuwemo, akamaliza wa sita na kuanguka kwa kukosa hewa.

Mbio za ubingwa zina mizani yake

Katika Olimpiki hakuna mwenye kukutangulia kwa malipo. Ndiyo sababu mita 800 za David Rudisha, London 2012, zina uzito wa ajabu: 1:40.91, rekodi ya dunia, akiongoza mwenyewe tangu mwanzo, mzunguko wa kwanza 49.28. Pengo kati yake na Nijel Amos wa pili lilikuwa sekunde 0.82, asilimia 0.8, na wa mwisho kabisa alimaliza kwa 1:43.77. Kilele na utawala katika mstari mmoja. Faith Kipyegon naye ana dhahabu tatu mfululizo za mita 1,500, 2016 hadi 2024, na huyo hapungukiwi safu yoyote.

Kabla ya kuhesabu medali, hesabu fursa. Henry Rono mwaka 1978 aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, 10,000, 3,000 na 3,000 kuruka viunzi na maji. Olimpiki zake ni sifuri, kwa kuwa Kenya ilisusia 1976 na 1980. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya mita 1,500 ya 3:32.2 kule Christchurch mwaka 1974 akiwa mbele mwanzo hadi mwisho, naye alikosa Montreal kwa mgomo wa 1976. Sifuri kati ya sifuri usiiandike kama sifuri kati ya tatu. Acha kisanduku wazi, na alama zake uzigawe kwa mashindano aliyoruhusiwa kukimbia.

Ana kwa ana pia kuna mtego. Uwanjani Bekele alimtangulia Kipchoge katika fainali za mita 5,000 za Olimpiki 2004 na 2008, lakini Paris 2003, kwenye ubingwa wa dunia, kijana Kipchoge aliwapita wote, Hicham El Guerrouj wa Morocco kwa sekunde 0.04. Barabarani, Chicago 2014 na London 2016, Kipchoge alishinda na Bekele akafika nyuma. Usijumlishe uwanja na barabara kupata jumla moja. Hapo ndipo ubishi wa kijiweni ulipozaliwa.

Kwa timu, mbio za nyika ndizo rahisi kupima: nafasi za wakimbiaji hujumlishwa na jumla ndogo hushinda. Wanaume wa Kenya walichukua ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. Mtu mmoja mkali hawezi kufanya hivyo peke yake.

Jaribu kuivunja hesabu yako

Ukishapata mshindi, hamisha alama 10 kutoka utawala kwenda urefu, kokotoa upya. Kisha 10 kutoka urefu kwenda kilele. Jina likibaki juu mara zote, una jibu. Likibadilika, andika majina yote mawili na mgawo uliompa kila mmoja ushindi.

Rudia matokeo yenyewe walau mara moja kwa mwaka, kwa sababu ya pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu. Ushindi wa Rita Jeptoo wa Kenya, Boston 2014, ulifutwa baadaye, na taji likaenda kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Daftari la 2014 ambalo halikufunguliwa tena bado lina jina lisilo lake. Kwa wanawake, tazama pia kama mbio zilikuwa za wanawake peke yao au zilichanganywa na wanaume wanaoweza kuwawekea kasi. Rekodi za aina hizo mbili hutunzwa mbali mbali, na kwenye daftari lako zikae kurasa tofauti.