Somo: Kutoka kwenye mshahara kwenda nyumba za kupangisha Dar, hatua kwa hatua

Wakuu, maswali ya "niache kazi nijenge apatimenti?" yamekua mengi. Usiache kwanza. Mshahara ndo unafanya benki ikusikilize, ukishaacha hata ukienda na hati mkononi watakuzungusha.

1. Kiwanja. Tafuta kilichopimwa, usimalizane na dalali kijiweni, chukua namba ya kiwanja na kitalu nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi (wakuangalizie kwenye kumbukumbu mmiliki ni nani), huko ndo utajua kama kimewekwa rehani. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi, kuna viwanja vimeuzwa mara tatu na vyote vina muhuri.

2. Kibali cha ujenzi halmashauri, kabla ya msingi. Basi.

3. Jenga kwa awamu. Anza na nyumba mbili za chumba, sebule, jiko na choo ndani, kodi yake isukume zingine. Ila shimo la choo chimba la kutosha nyumba zote tangu siku ya kwanza, kuja kuchimba lingine wapangaji wakiwa ndani ni kero.

4. Kila mpangaji na LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla), hapa usibane hela. Mita ya kuchangia ni ugomvi tu, huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, umeme ukikata saa nne usiku hakuna anayetaka kununua na simu inaita kwako. Halafu kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, 18,000 kwa mwaka nyumba ya kawaida, na jengo ni lako sio la mpangaji, kwahiyo mpunguzie kwenye pango.

5. Hesabu. Nyumba nne za 250,000 sio milioni kila mwezi, hela inakuja kwa mkupuo wa miezi sita, ukiitumbua Januari, Aprili unakopa. Fungua akaunti ya peke yake, ujilipe kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Toa rejesho la mkopo, rangi, koki, miezi nyumba inakaa tupu. Kinachobaki kikilipa ada za watoto na bima ya afya (iliyokua inalipwa na mwajiri, watu wanaisahau hii) ndo uandike barua ya kuacha kazi.

MASWALI

— Mkuu, nikiacha si nachukua hela ya mfuko wa hifadhi ya jamii nimalizie ujenzi?
Usiipigie hesabu hiyo. Fao la kukosa ajira sio la anayeacha kazi mwenyewe.

— Kaka, kampuni inataka kupangisha zote kwa ajili ya wafanyakazi wake, nikubali?
Kubali, ila watakukata asilimia 10 ya kodi ya zuio wapeleke TRA (mamlaka ya mapato). Dai cheti cha makato.

— Mimi niko Muscat, msimamizi ni mdogo wangu, inafaa?
Inafaa dada, aonyeshe nyumba na kuita fundi. Mkataba uwe na jina lako na pango liingie akaunti yako moja kwa moja, yeye mlipe posho inayojulikana.