Mnajiandaa kupata mtoto wa kwanza Marekani? Akiba sawa, ila zile siku 30 za bima ndo zinamaliza watu

Watu wakijua wanatarajia mtoto huku, kitu cha kwanza ni kuweka akiba, na ni sawa kabisa, wekeni. Baba anaongeza shifti za wikiendi, mama anaacha kununua vitu vya ovyo, ujenzi wa Bunju unasimama kwenye lenta mpaka Mungu ajalie. Ila kuna jambo moja ambalo sisi hatukuambiwa na mtu yeyote, si kanisani, si kwenye grupu la jumuiya, si kazini, na lilitutoa hela kuliko kitanda, kiti cha gari na pampasi za mwaka mzima ukijumlisha. Mtoto wenu akizaliwa hayupo kwenye bima yenu mpaka mumwandikishe nyie wenyewe. Narudia tena kwa sababu najua kuna mtu anasema moyoni sisi tunalipia bima ya familia, hayo hayatuhusu. Yanakuhusu. Hata kama unakatwa ya familia kila mshahara, yule mtoto lazima mtu aingie kwenye mfumo amwandike jina.

Nyumbani tumezoea mama akijifungua bili ni ya mama, mtoto yumo humo humo. Hapa dakika anayotoka tumboni anakuwa mgonjwa wa pili, ana faili lake na bili zake. Kwa bima ya kazini sheria ya nchi nzima inawapa angalau siku 30 tangu azaliwe kuomba aingizwe, na mkiwahi bima inarudi nyuma hadi siku aliyozaliwa, yaani inalipa kila kitu tangu mwanzo. Bima za kununua wenyewe sokoni kule Healthcare.gov, tovuti ya serikali ya bima, ni siku 60. Mkipitiliza, dirisha linafungwa mpaka kipindi cha kuandikisha cha mwisho wa mwaka, na kuanza kutumika mara nyingi ni tarehe 1 Januari. Majimbo mengi yana sheria ya kumbeba mtoto mwezi wa kwanza, lakini makampuni makubwa yanayolipia matibabu ya wafanyakazi kwa hela yao yenyewe hayabanwi na sheria ya jimbo, na ndugu zetu wengi ndo wako huko.

Sasa sisi ilikuwa hivi. Mke wangu alipiga simu kazini kwake kabla hata hajatoka hospitali, anauliza mtoto anaingizwaje. Dada wa HR, ile idara ya wafanyakazi, mpole kweli, akampongeza, akacheka naye, akamwambia subirini namba yake ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya serikali, ije kwa posta ndo mjaze. Basi tukasubiri namba. Mtoto alipata manjano akalazwa siku kadhaa chini ya zile taa za bluu, kafungwa vitambaa machoni, na sisi akili yote iko pale, tunajua mambo ya bima yanangoja bahasha tu. Kadi ilichelewa, ilipofika tukajaza siku hiyo hiyo, jibu likaja kwamba muda umepita. Kurudi kwa yule dada, hakumbuki kuongea na sisi, na simu haina ushahidi wowote. Ndo zikaanza kuja barua zenye dirisha la nailoni zimeandikwa kwa jina la "Baby Boy" na jina letu la ukoo, kana kwamba mdaiwa ni yeye. Ya hospitali peke yake, ya daktari wa watoto peke yake, ya maabara peke yake, na daktari mwingine ambaye hatukumbuki hata sura, huenda alipita usiku kuangalia chati.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Kumwandikisha mtoto mchanga hakuhitaji namba ya Social Security. Wanamwingiza bila namba, mtaongeza ikija. Hakuhitaji hata cheti cha kuzaliwa chenyewe sehemu nyingi, karatasi ya hospitali inayoonyesha amezaliwa lini inatosha kuanzia. Na usikubali kuambiwa kwa mdomo. Mimba ikiwa na miezi saba tuma imeili HR, waulize mtoto anaandikishwa wapi, kwa karatasi gani, na mwisho siku ya ngapi, wakujibu kwa maandishi, uhifadhi kwenye simu. Mtoto akizaliwa baba akae hapo hapo kwenye kile kiti cha kulalia ajaze, kabla ya kupiga simu Tanga au Kisumu kutangaza furaha. Mkishajaza subirini barua ya kuthibitisha, isipokuja ndani ya wiki moja ulizeni tena. Kujaza peke yake hakutoshi, nimeona watu wamejaza wakasahau kubonyeza kitufe cha mwisho.

Hapa niwaseme kidogo wazee wetu nyumbani, kwa heshima zote. Kuna familia jina la mtoto lazima babu alitoe, na babu anataka kwanza akae na ndugu zake Jumapili. Babu, shikamoo, tunakuheshimu, lakini huku kuna fomu ya cheti cha kuzaliwa inajazwa kabla mama hajaruhusiwa, na kwenye fomu hiyo hiyo kuna kisanduku cha kuomba namba ya Social. Mkitoka bila jina mnaanza kuzungushwa maofisini na kichanga mkononi. Jina liamuliwe miezi ileile ya mimba, la kike na la kiume, yote yawe tayari. Na shangazi zangu mnaosema mtoto kazaliwa Marekani basi serikali inamtibu bure, si kweli. Uraia anao, bili pia anazo. Ile hela mnayosikia ya mtoto ni punguzo la kodi, kwa mwaka 2025 ni hadi dola 2,200, na mnaiona mkishafanya ritani mwaka unaofuata, wakati huo kodi ya nyumba imeshadai mara nyingi. Kwa hiyo kijana wenu akiwaambia mwaka huu hatatuma ya shamba, msimwite bahili.

Kama wote wawili mna bima kazini, kaeni chini mhesabu mtoto aingie kwa nani, msimwingize kote kote mkidhani ndo usalama. Akiwa kwenye bima mbili kuna utaratibu kwamba inayotangulia kulipa ni ya mzazi ambaye siku yake ya kuzaliwa inatangulia kwenye kalenda, Machi inaitangulia Agosti bila kujali nani mkubwa. Bima ya baba inaweza kuwa mbovu ikawa ndo ya kwanza, na hospitali mliyochagua haimo kwenye orodha yao.

Tazameni pia mwezi. Mimba ya Aprili ni mtoto wa Januari. Didaktibo, kile kiasi mnachotoa mfukoni kwanza kabla bima haijaanza kulipa, kwa bima nyingi kinaanza upya tarehe 1 Januari, kwa hiyo vipimo vyote mlivyolipia mwaka uliopita havihesabiwi tena kwenye kujifungua. Sisemi mpange mimba kwa ajili ya bima, mtoto ni majaliwa, nasema mjue bili ya mwaka mpya inaanzia sifuri. Angalieni na kiwango cha juu kabisa mnachoweza kutoa kwa mwaka. Sheria mwaka 2025 iliruhusu kifike dola 9,200 kwa mtu mmoja na 18,400 kwa familia. Akiba yenu ilenge hicho kiwango cha bima yenu, maana mama na mtoto wote wanahesabiwa.

Likizo ndo pagumu pengine. Ile ya FMLA, sheria ya likizo ya nchi nzima ya 1993, ni wiki 12 za kulindiwa kazi na bima kuendelea, mshahara haumo. Na uwe umekaa kwa mwajiri huyo miezi 12, umepiga masaa 1,250 ndani ya mwaka, na kampuni iwe na watu 50 eneo hilo. Wadogo zangu wa CNA, wasaidizi wa manesi, mnaohama ajensi kila ikiongeza dola moja kwa saa, hapo ndo mnapoumia, masaa ya ajensi tatu hayajumlishwi. Mkishapanga kuzaa, tulieni sehemu moja. Bima ya kulipwa ukiwa huwezi kufanya kazi, ile ya muda mfupi, ingieni kabla ya mimba kwa sababu nyingi hazilipi mimba iliyoingia kabla yao. California, New York, New Jersey, Washington, Massachusetts na sasa Minnesota tangu Januari 2026 wanalipa likizo ya uzazi, Texas hakuna kitu. Na ukiwa likizo bila mshahara, mchango wako wa bima bado unadaiwa, hakikisha unalipwa la sivyo bima inakatika mtoto yuko ndani.

Nimeishi huku muda wa kutosha na naomba niseme ninavyoona. Mmarekani mmoja mmoja ni mwema sana, manesi walituhudumia kama ndugu, jirani ambaye hatujawahi kukaa naye alituachia mfuko wa nguo mlangoni. Lakini ofisi zao hazina mtu wa kumwendea ukamweleza ukaeleweka, kila mmoja anasoma alichoandikiwa kwenye skrini. Kwetu ungepata mkubwa wa idara akasema leteni fomu hiyo nitasaini. Na mzazi anarudi kazini wiki ya tatu bado hajapona, hakuna arobaini wala wa kumletea uji, na watu wanaona ni kawaida. Si kawaida, msiizoee.

Mkishanaswa bado kuna milango. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na CHIP ya watoto haina msimu, unaomba mwezi wowote, na kiwango cha kipato cha mtoto kiko juu kuliko cha mtu mzima, kwa hiyo msijikatie tamaa kwa sababu nyie mlikataliwa. Mama aliyejifungua akiwa Medicaid, mtoto wake anabebwa hadi anafikisha mwaka. WIC, msaada wa serikali wa chakula kwa mama na watoto wadogo, haiulizi karatasi za uhamiaji. Andikeni rufaa kwa bima, na hapo ndo ile imeili ya HR inakuwa dhahabu. Hospitali zisizo za faida zinabanwa na sheria kuwa na mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, mna siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba, ombeni kabla hamjaanza kulipa kwa kadi. Dai bili iliyochambuliwa kitu kimoja kimoja. Sisi huo mpango wa hospitali ulipunguza sehemu kubwa, ila wale madaktari wanaotuma bili zao pembeni hawakuwemo, hao tuliwalipa kidogo kidogo.

Kiti cha gari nunueni kipya. Mashine ya kukamua maziwa bima inalipia, ulizeni. Pasipoti ya mtoto wazazi wote wawili mwende. Na kama bibi wa mtoto anakuja kutoka nyumbani kuwalea, mkatieni bima ya msafiri kabla hajapanda ndege, someni kama inagusa presha na sukari aliyokuwa nayo tangu nyumbani, nyingi hazigusi, dawa zake za muda wote atakaokaa aje nazo, na karatasi ya daktari wake azibebe kwenye mkoba wa mkononi.