Somo: Kuseti skana ya hisa zenye kasi za Marekani kwa saa zetu

Ndugu zangu, wengi mmeomba somo la skana, yaani chombo cha mtandaoni kinachochuja hisa kwa masharti unayoweka, na wengine mmekata tamaa mlipoona tovuti ya Finviz, ile ya bure, inachelewesha bei kwa dakika 15 hadi 20. Ucheleweshaji huo unamuumiza anayenunua na kuuza ndani ya siku moja. Anayeshika hisa kwa siku kadhaa au wiki chache haumgusi, kwa sababu skana yake anaiendesha soko likiwa limefungwa. Na hapo saa zetu za Afrika Mashariki zinatubeba. New York inafunga saa 5 usiku kwetu, au saa 6 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi. Ukiamka, data za siku nzima zimeshatulia, na una mchana mzima wa kuchambua kabla soko halijafunguliwa saa 10:30 jioni, au saa 11:30 katika miezi hiyo ya baridi.

Kwa hiyo skana tunayoiseti hapa ni ya asubuhi, na inatafuta hisa zenye kasi, yaani ambazo bei yake imekuwa ikipanda kwa nguvu.

Hatua ya 1. Fungua Finviz, bonyeza "Screener", kisha "All" ili vichujio vyote vitokee. Anza kwa kuondoa takataka: "Price" weka "Over $10", na "Average Volume" (voliumu, yaani wastani wa idadi ya hisa zinazouzwa kwa siku) weka "Over 500K", zaidi ya 500,000. Hisa ambayo haina wanunuzi utaingia kwa urahisi, shida utaiona siku ya kutoka.

Hatua ya 2. Sasa tafuta kasi yenyewe. "Performance" weka "Quarter +20%", yaani bei imepanda zaidi ya asilimia 20 ndani ya miezi mitatu. Mwaka 1993 watafiti Jegadeesh na Titman walionyesha kwamba hisa za Marekani zilizoongoza kwa miezi 3 hadi 12 zilielekea kuendelea kuongoza kwa miezi kadhaa iliyofuata. Kichujio hiki kinasimama juu ya tabia hiyo. Ongeza bei iwe juu ya wastani wake wa bei za kufunga za siku 50 na wa siku 200, kisha "52-Week High/Low" chagua "0-5% below High". Hisa iliyo karibu na kilele cha mwaka haina watu wengi walionasa juu wanaosubiri kuuza ili warudishe hela yao.

Hatua ya 3. "Relative Volume" weka "Over 1.5". Namba hii inalinganisha voliumu ya leo na ya kawaida ya miezi 3 iliyopita. Ikisoma 3, maana yake hisa imeuzwa mara tatu ya kawaida yake. Bei ikipanda voliumu ikiwa imelala, mimi siigusi.

Hatua ya 4. Panga orodha kwa "Relative Volume" kutoka juu kwenda chini, ubadilishe mwonekano kuwa "Charts". Vichujio vyote vinakaa ndani ya anwani ya ukurasa, kwa hiyo hifadhi anwani hiyo kwenye simu au kompyuta; kesho unaifungua tu.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nawaomba msiharakishe. Skana inaona namba, haioni sababu. Kwa kila hisa iliyobaki, angalia mambo matatu.

La kwanza, chati. Ukiona mshumaa (kibao kinachoonyesha bei za siku moja) mmoja mkubwa umeruka juu, halafu bei imelala kama mstari wa rula, mara nyingi kampuni hiyo imeshakubali kununuliwa kwa bei iliyotangazwa. Imepita vichujio vyote, ila haina pa kwenda. Ifute.

La pili, tarehe ya ripoti ya mapato, kwenye ukurasa wa hisa pameandikwa "Earnings". BMO ni kabla ya soko kufunguliwa, AMC ni baada ya kufungwa. Ripoti ikiwa kesho, subiri ipite. Bei inaweza kufungua chini kabisa ya oda yako ya kukata hasara (ile inayouza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka), na oda hiyo isikusaidie.

La tatu, EDGAR, hifadhi ya taarifa za kampuni ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, ambayo ni bure. Tafuta fomu 424B5 ya karibuni. Mara nyingi inamaanisha kampuni inauza hisa mpya, na hisa mpya zikiingia sokoni kasi inaweza kukatika siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6. Piga hesabu kabla ya kununua. Tuseme una dola 1,000 na unakubali kupoteza asilimia 1, yaani dola 10. Unaingia kwenye 42, unakata hasara kwenye 40. Tofauti ni dola 2, basi unanunua hisa 5 tu, za dola 210.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, leo skana imeniletea hisa mbili tu. Nipunguze masharti?

Jibu: Usipunguze. Skana ikikauka siku nyingi mfululizo, soko lenyewe ni dhaifu. Angalia pia kama SPY, mfuko unaofuata kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, iko chini ya wastani wake wa siku 200. Ikiwa hivyo mimi nakaa na pesa taslimu. Ila jua kwamba hatari ipo hata soko likigeuka kupanda: masika ya 2009 hisa zilizokuwa zimeanguka zaidi ndizo zilizoruka, na waliofuata kasi wakaachwa.

Swali: Kaka, natumia tovuti ya chati ya TradingView soko likiwa wazi. Mbona voliumu linganishi ("Relative Volume") inasoma 0.2 kwa hisa inayochemka?

Jibu: Inagawa voliumu ya dakika chache kwa wastani wa siku nzima. Tumia safu ya "Relative Volume at Time", inayolinganisha na saa ile ile ya siku zilizopita.

Swali: Shikamoo mwalimu. Naweza kutumia mbinu hii Nairobi au Dar es Salaam?

Jibu: Marahaba. Wazo la kasi linaweza kufaa, vichujio hivi havifai. Kaunta nyingi za kwetu (hisa za kampuni zilizoorodheshwa sokoni) hupita siku zikiuzwa kidogo sana, kwa hiyo hisa chache tu zikinunuliwa, voliumu linganishi inaruka bila maana. Chukua kampuni kubwa chache, mfano Safaricom au CRDB, uziandike mwenyewe kwenye jedwali kila jioni: bei ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa.