Kutoka Finse hadi baharini kwa miguu: namna ya kuwapeleka wanafunzi wenzako milimani na kwenye fyordi za Norwei

Kila mwaka mitihani ya Juni ikikaribia kwisha, napigiwa simu ileile. "Kaka, tuko wanane, tunataka kwenda kuziona fyordi. Tuanzie wapi?" Jibu rahisi ni duara la siku moja kutoka mji wa Bergen: treni, boti, basi, jioni uko chumbani kwako na picha mia mbili. Si vibaya. Ila ukiwa na siku sita na miguu mizima, kuna njia nyingine ambayo nimeshaiongoza mara tano na sijaichoka. Mnashuka treni Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, mnatembea siku nne kuteremka mpaka maji ya chumvi, kisha mnapanda boti. Mkifika kwenye fyordi mnakuwa mmeshaona inakotoka.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: fyordi ni hori ya bahari, kama ile ya Mtwapa, ila hii ilichimbwa na barafu. Barafu nzito ilijikokota bondeni kwa maelfu ya miaka ikikwangua mwamba, ilipoyeyuka bahari ikaingia. Sognefjord, tunayoiendea, inaingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200, na mahali pengine kina chake kinafika mita 1,300.

Hatua ya 1: Jueni mwendo wa yule wa mwisho

Usizidishe watu wanane. Zaidi ya hapo huwezi kuwahesabu kwa jicho moja ukungu ukishuka, na nitaeleza chini kwa nini nasema hivyo.

Wiki tatu kabla, wapeleke wote matembezi ya majaribio na mizigo yao mgongoni. Kwa walio Bergen hakuna jaribio zuri kuliko kuanzia mlima wa Ulriken, mita 643, mkavuka uwanda wa Vidden hadi mlima wa Fløyen. Ni kama saa tano. Usiangalie nani katangulia, angalia nani kaja mwisho na kachelewa kiasi gani. Muda wake ndio utakaopigia hesabu za safari nzima. Akitumia saa saba pale ambapo kibao kimeandikwa tano, basi kila saa tano za kitabuni kwenu ni saba. Msimseme, pangeni tu.

Katika kila kundi kuna mmoja atakayesema, "Mimi nimepanda Kilimanjaro, hivi vilima vyenu vitanifanya nini?" Hesabu ziko upande wake: Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote Norwei, una mita 2,469, na kituo cha Mandara, mahali pa kulala usiku wa kwanza njia ya Marangu, kipo mita 2,720. Ila kule Kilimanjaro mzigo alibeba mpagazi, chakula alipika mpishi, na njia aliijua kiongozi. Huku mpagazi ni wewe. Halafu huku kaskazini miti inakoma kwenye mita elfu moja hivi, na kutoka hapo hakuna cha kukukinga na upepo.

Hatua ya 2: Chagueni tarehe kwa kufuata theluji

Katikati ya Julai hadi mwanzo wa Septemba. Kabla ya hapo theluji bado imelala kwenye njia ya kutoka Finse, na theluji mbaya ni ile iliyofunika kijito: juu unaona peupe, chini maji yanakimbia. Baadaye kuna tatizo jingine. Baadhi ya madaraja ya milimani ni ya kiangazi tu, yanatolewa msimu ukiisha. Angalieni hali ya njia kwenye ut.no na hali ya hewa kwenye yr.no. Mimi naanza kutazama siku tano kabla, na yale ya siku mbili za mwisho ndiyo nayaamini.

Hatua ya 3: Mchango kwanza, ahadi baadaye

Mtu aliyesema "niko ndani" kwenye kundi la WhatsApp hayuko ndani. Aliyetuma pesa ndiye aliye ndani. Chagueni mweka hazina mmoja, wekeni tarehe ya mwisho, na kubalianeni kabla ya kukusanya: atakayejitoa dakika ya mwisho anarudishiwa nini? Mara ya kwanza sikulisema hili, na nikalipia vitanda viwili vya watu ambao hadi leo tukikutana wanazungumzia hali ya hewa.

Huku pesa zinatumwa kwa Vipps, ambayo ni kama M-Pesa, isipokuwa lazima uwe na akaunti ya benki ya hapa. Waliofika juzi hawana. Mtu mmoja awalipie, wamrudishie kwa njia nyingine. Msibebe noti, mlimani kote ni kadi.

Kwenye orodha ya malipo, la kwanza ni uanachama wa DNT, chama cha watembea milimani kilichoanzishwa mwaka 1868. Vijana wana ada yao ndogo, na punguzo la malazi linairudisha upesi. La pili ni vitanda kwenye nyumba za kulala za njiani, wekeni mapema kwa sababu nyinyi ni kundi: Finse, Geiterygghytta, Steinbergdalen, Østerbø. Tiketi za treni nazo hupanda bei kadiri siku inavyosogea. Tiketi za boti na mabasi nunueni moja moja wenyewe, msinunue kifurushi cha watalii. Boti ni ileile na maji ni yaleyale.

Mkiwa na wenzenu wanaokuja kutoka Sweden au Denmark kwa kibali cha masomo, wakumbusheni pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi. Si moja kati ya hizo, ni zote mbili.

Hatua ya 4: Nguo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia.

Safari yangu ya pili kijana mmoja alikuja na jinzi na fulana mbili za pamba. Asubuhi kulikuwa na jua, nikanyamaza. Saa nane mchana ikaanza mvua ya kulala, ile ya ubavuni. Pamba inakunywa maji kama sifongo, inaganda mwilini na kuiba joto. Baada ya saa moja hakuweza kufunga zipu ya koti lake, vidole vilikataa. Aliponiambia "kaka, niko poa" midomo ilikuwa haitamki vizuri. Tulimvua pale pale nyuma ya jiwe, tukamvika sufu ya watu watatu tofauti, tukamnywesha chai ya sukari, tukamweka katikati tukatembea. Kosa lilikuwa langu, si lake. Yeye angejuaje?

Tangu siku hiyo nakagua mabegi usiku wa kuamkia safari, kila moja, na sioni haya. Kinachogusa ngozi kiwe sufu, juu na chini, pamoja na soksi. Wenyeji wana msemo, *ull er gull*, sufu ni dhahabu. Sufu hata ikilowa bado inapasha. Juu yake sweta, juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Kofia na glavu hata kama ni Julai. Viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, vilivyokwisha kuvaliwa, kwani kiatu kipya ni lengelenge la siku ya pili.

Usinunue vyote dukani, utafilisika. BUA ni maghala ya kuazima vifaa vya michezo na matembezi, unaazima bure na kurudisha kwa tarehe. Sweta za sufu tafuta Fretex, duka la mitumba. Sisi mitumba tunaijua, sina la kufundisha hapo.

Kitu kimoja kidogo ambacho wengi husahau: mfuko wa shuka wa kulalia ndani yake. Nyumba za DNT zina godoro na blanketi, shuka ni lako. Begi lote lisizidi kilo kumi.

Hatua ya 5: Chakula, na swala kwa wanaoswali

Nyumba zenye wahudumu zinatoa chakula cha jioni kwa saa maalumu, kwa kawaida saa moja, mnakaa mezani pamoja na watu msiowajua. Asiyekula nguruwe au nyama isiyo halali aseme wakati wa kuweka nafasi, asingoje sahani ifike. Asubuhi, kwa malipo kidogo, unajifungia mkate wako na kujaza chupa ya chai. Matonge mawili ya ugali hayatakusubiri popote, ila nimewahi kubeba kashata kwa ajili ya mlima na Wanorwei watatu waliniomba namna ya kuzipika.

Jua la Julai linazama baada ya saa nne usiku na giza halifiki sawasawa. Kubalianeni kabla ya safari mtafuata ratiba ipi na kama mtakusanya swala kama wasafiri. Kibla ni kusini-mashariki.

Hatua ya 6: Kutembea

Treni ya Bergen inawafikisha Finse kwa saa mbili na nusu hivi. Reli ilifunguliwa mwaka 1909, na mpaka leo Finse hakuna barabara ya gari. Ukisimama jukwaani unaona kuba la barafu la Hardangerjøkulen ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1914 Shackleton, mvumbuzi wa nchi za barafu, alikuja hapa kujaribu vifaa vyake vya kwenda Ncha ya Kusini, hivyo ukiona baridi mwezi Julai usishangae. Lala hapo.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu. Mnapanda hadi karibu mita 1,600, karibu na mlima wa Sankt Pål, kisha mnashuka Geiterygghytta. Njia imewekwa alama ya T nyekundu kwenye marundo ya mawe. Kanuni yetu: usiondoke kwenye T moja kabla hujaiona inayofuata. Mwenye mwendo wa taratibu anakuwa wa pili, nyuma tu ya kiongozi, na mwenye nguvu kuliko wote anafunga msafara.

Na hesabu. Mwaka mmoja ukungu ulitukuta huko juu, mtu wa tatu mbele yako humwoni. Tukasimama kwenye jiwe, nikahesabu, saba. Nikahesabu tena, saba. Dada mmoja wa Tanga alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, aliyefunga msafara akampita bila kumwona. Tulipiga filimbi na kukaa kimya, tukapiga tena, tukakaa kimya. Zilikuwa dakika kumi na moja. Alikuja akifuata sauti, anacheka na machozi yanatoka. Tangu hapo kila mtu ana namba, na kila robo saa ya ukungu mnaitikia: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Mkijiona kama watoto wa chekechea, sawa tu.

Wekeni pia saa ya kugeuka. Sisi tunasema: saa saba mchana kama hatujafika juu, tunarudi Finse na treni ipo. Wanorwei wana kanuni tisa za milimani, zimechapwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj, na mojawapo inasema geukeni mapema, hakuna aibu kurudi. Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa mjini ratiba yenu. Simu ziwe na programu ya Hjelp 113, inayowatumia waokoaji mahali mlipo ukipiga namba 113 kupitia humo. Mtandao haushiki kila bonde.

Siku ya pili na ya tatu ni za kuteremka polepole kupitia Steinbergdalen hadi Østerbø. Wapo wanaoziunganisha kuwa moja. Mimi siunganishi, kwa ajili ya yule wa mwisho.

Siku ya nne, Østerbø hadi Vassbygdi, ni kama kilomita 19, na ndiyo ninayoipenda. Miti inarudi, kwanza mifupi kama vichaka, halafu mirefu. Njia imechongwa ubavuni mwa genge, mto unanguruma chini. Mnapita Vetlahelvete, maana yake Jehanamu Ndogo, tundu kubwa maji yaliloliduarisha ndani ya mwamba. Ingia, ukiongea sauti inakurudia. Mbele zaidi kuna Sinjarheim, shamba la kale limeng'ang'ania mteremko ambao hata mbuzi angefikiri mara mbili. Magoti yatauma. Kutoka Vassbygdi kuna basi la kwenda Aurland na Flåm, angalieni saa zake kwenye Entur, programu ya ratiba za usafiri, kabla hamjaanza kutembea.

Hatua ya 7: Boti

Flåm hadi Gudvangen ni saa mbili. Tangu 2018 kuna boti inayokwenda kwa umeme mtupu, haina mngurumo, unasikia maporomoko ya maji yenyewe. Kaeni nje, vaeni kila mlichonacho. Boti inapokata kona kuingia Nærøyfjord, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005, kuta zinasogea mpaka mahali penye upana wa mita 250 tu. Hapo kila kundi langu limenyamaza, hata wale wenye maneno.

Gudvangen pandeni basi hadi Voss, Voss treni hadi Bergen. Mweka hazina afunge hesabu ndani ya treni, watu wakiwa bado wanapendana. Vifaa vya BUA virudi kwa tarehe yake. Viatu vilivyolowa vijaze magazeti, usivianike juu ya hita, ngozi itapasuka. Na yule mliyemwachia ratiba mtumieni ujumbe kwamba mmefika wote wanane.