Kabla hujanunua mbegu, shughulika na udongo: mboga za nyumbani bila dawa za dukani

Watu wengi wa hapa Dar wakitaka kuanza bustani nyumbani wanakimbilia kwanza duka la pembejeo, wanabeba pakiti za nyanya na hoho kwa sababu ya ile picha inavyong'aa, wiki tatu baadae unawasikia "mi mkono wangu haukubali mimea". Mkono wako hauna tatizo bana. Tatizo ni ule mchanga uliochota pembeni ya ukuta, umejaa vipande vya saruji, maji ukimwaga yanapita kama kwenye chujio.

Kwaiyo udongo ndio wa kwanza. Tafuta ule mweusi wa juu, ndoo 2, changanya na ndoo 1 ya mboji au samadi iliyoiva. Kama udongo wenyewe ni wa mfinyanzi unaoshikana ongeza na ndoo ya mchanga, kama ni wa kichanga tayari usiongeze kitu, ongeza mboji tu.

Na hapo kwenye "iliyoiva" ndipo tunapoumia wengi. Mi mwenyewe mwanzoni nilinunua kiroba cha mbolea ya kuku moja kwa moja bandani, kuku wametolewa siku hiyohiyo, nikachanganya na udongo nusu kwa nusu nikamwaga mchicha. Uliota vizuri tu, siku kama ya tisa majani yakaanza kukauka pembeni kama yamepigwa pasi, wiki ya pili hamna kitu. Mama jirani alikuja akaingiza mkono kwenye kile kiroba kilichobaki akautoa fasta, akaniambia, "Mwanangu, mbolea yako bado ina moto hii, ungechemshia chai." Nikamuuliza sa nifanyeje mama, akasema iache kivulini, ilowanishe, ifunike, iwe inageuzwa kila wiki. Ilichukua miezi 2 na kitu. Utajua imeiva ukiona haikuwashi macho tena, na ukizamisha mkono katikati unakuta baridi. Ya ng'ombe na mbuzi ni ya upole kidogo kuliko ya kuku ila nayo usiiwahi.

Mboji yenyewe unatengeneza bure. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20, toboa matundu chini na ubavuni, iinue juu ya matofali. Ndani weka maganda ya ndizi, ya mihogo, ya mayai, majani ya chai, na kila ukiweka taka mbichi kopo moja funika na makopo mawili hivi ya majani makavu au vipande vya boksi, watu wanasahau hayo makavu alafu wanalalamika inanuka na ina funza. Ikinuka maana yake imelowa sana, ongeza makavu ugeuze. Nyama, samaki na mafuta usithubutu, utafuga panya. Miezi 2 hadi 3 inakuwa nyeusi inanukia kama ardhi baada ya mvua.

Vya kupandia usinunue. Ndoo zilizopasuka, mabeseni, viroba vya kilo 50, vyote poa ilimradi vina matundu chini, ila kopo lililokuwa na dawa ya wadudu hata ukilisugua na mchanga usilitumie. Viroba jua linavila, vikianza kumomonyoka unakuta nyuzi za plastiki zimejaa kwenye udongo, kwaiyo badilisha mapema.

Sasa uanze na nini? Anza na matembele. Huhitaji hata mbegu, ukinunua fungu sokoni chuma majani upike, vile vikonyo vinene vilivyobaki kata sentimita 20 hadi 30, zamisha vifundo viwili vitatu ardhini, mwagilia, vitashika. Mchicha unafuata. Mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndio umwage, funika kidogo tu, alafu zungushia majivu maana sisimizi wanazibeba moja moja mpaka unadhani uliuziwa mbegu mbovu. Wiki 3 hadi 4 unakula. Usiung'oe, ukate juu uache kisiki chenye vifundo, utachipua tena. Sukuma kwa joto la hapa naipanda ikaribie miezi ya baridi, Juni hadi Agosti ndio inapendeza. Na kwenye mbegu angalia rangi, zile za pinki au bluu zimepakwa dawa, kama unataka kilimo hai kweli tafuta ambazo hazijapakwa.

Kumwagilia, zamisha kidole mpaka pingili ya pili, kukiwa na unyevu acha. Mimea mingi ya kwenye ndoo inakufa kwa kupendwa sana. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi utaona utando mweupe juu ya udongo, hapo kinga maji ya mvua kila inaponyesha. Maji ya kuoshea mchele nayo mazuri, yasipotee.

Wadudu watakuja tu. Geuza jani uangalie chini, vidukari wanajipanga kwenye vichipukizi wamejaa kama ufuta. Wachache waponde kwa vidole au wapige na maji. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini kilo 1, loweka kwenye maji lita 5 usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo inate kwenye majani, pulizia jioni, mchana jua linaiua nguvu yake. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 maana haiui papo hapo, inamfanya mdudu asile na asikue. Kabla ya kupika osha mboga vizuri, mwarobaini ni mchungu balaa.

Nyanya mi nakushauri zisubiri msimu wa pili. Kuna kantangaze, kile kiwavi kinachochimba ndani ya jani na tunda, kikishaingia ndani mwarobaini wako unapulizia nje kinakuangalia tu.

Alafu kuna kuku wa jirani. Wengi wanafunika na chandarua kuukuu, lakini vile vya kugawiwa bure vimewekwa dawa, sasa kilimo hai kiko wapi hapo. Mi nalaza matawi ya mchongoma juu ya udongo mpaka miche ifike kiganja, wakikanyaga mara moja hawarudi wiki hiyo.